Kompyuta ya Marehemu Polikarpi

Mwaka ule wa tisini na nane, mtu akishuka Nkwenda hakuhitaji kuuliza duka la Gharib liko wapi, kwa sababu ndilo lililokuwa na jenereta, na jenereta ile ilisikika kuanzia kwenye kona ya barabara ya Murongo. Kwenye baraza la duka palikuwa na benchi refu la mbao za mkaratusi, cherehani yangu, na jiko la mkaa la Mwaja, aliyekuwa akiuza kahawa chungu kwa vikombe vidogo visivyo na mshikio. Hapo ndipo tulipokaa. Wa kudumu tulikuwa wanne: Gharib mwenyewe, Mwaja, Twagirayezu, mkulima wa makamo tuliyemwita Redio kwa sababu hakuna habari uliyomletea ambayo hakuwa ameshaisikia jana, na mimi Ramadhani, fundi cherehani, ambaye wao walinipa jina la Sindano. Tuliyoyajua yalikuwa machache. Tuliyoyazungumza yalikuwa mengi sana.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, Sibomana alifika na baiskeli yake kutoka Bugomora, akaiegemeza ukutani, akasalimia, akakaa mwisho wa benchi bila kuagiza kitu. Mwaja akammiminia kahawa hivyo hivyo. Sibomana alikuwa na miaka thelathini na kitu, mke, watoto wanne, na kibanja kizuri cha migomba na mibuni. Hakuwa mtu wa maneno. Alitoa bahasha mfukoni, akampa Gharib amsomee barua iliyomo, ingawa yeye mwenyewe alijua kusoma, na alikuwa ameisoma mpaka karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Sote tulishajua inasema nini. Wale ambao wazazi wao walitoka ng'ambo ya mto walitakiwa kwenda ofisini wilayani, Kayanga, na uthibitisho wa mahali walipozaliwa na tarehe. Siku ya Sibomana ilikuwa Ijumaa hiyo. Asiye na uthibitisho angeandikwa mgeni, na mgeni ana taratibu zake, na taratibu hizo zingemkuta na kibanja, na mibuni, na watoto ambao hawajui kwingine.

Mama yake, Laurensia, alivuka mto wa Kagera akitoka Rwanda katika machafuko ya mwanzoni mwa miaka ya sitini. Kila mtu Bugomora alijua kwamba Sibomana amekulia pale. Lakini amezaliwa wapi, kabla ya mto au baada ya mto, hakubaki mtu wa kulisema. Laurensia alifariki mwanawe akiwa na miaka mitano. Mzee Rwegoshora, aliyemchukua na kumlea, naye alishatangulia. Sibomana aliachiwa kauli moja tu: kwamba alizaliwa mwaka wa mvua kubwa.

Tumaini lake lilikuwa kwa Mama Costansia. Huyu alikuwa mkunga tangu mwaka hamsini na nane, na kwa muda wote huo aliandika kila mtoto aliyempokea: siku, mahali, jina la mama. Aliandika kwenye madaftari ya shule, na madaftari yalifika thelathini na moja. Mumewe, marehemu Polikarpi, alikuwa karani wa ushirika mpaka alipostaafu. Mwanzoni mwa mwaka tisini na tano, wakati wa kambi za wakimbizi, daktari mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Polikarpi kompyuta ya mezani ambayo hata wakati ule ilikuwa imeshazeeka. Polikarpi akaiweka sebuleni. Kila jioni Gharib alimvutia waya wa umeme, naye akakaa kuhamisha madaftari ya mkewe, jina moja baada ya jingine, kwa vidole viwili. Alipomaliza, alifunga madaftari kwa kamba akayapandisha darini jikoni. Miezi michache baadaye akaugua, akafariki. Sibomana alipokwenda kuomba tarehe yake, Mama Costansia alipanda darini akakuta mchwa wameacha majalada na uti wa madaftari tu. Ndipo akashuka kuwasha kompyuta. Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyotangulia, na kompyuta ilikataa.

Basi kwa siku nne hizo benchi letu lilikuwa limehamia kwenye ufundi.

Wa kwanza alikuwa Gharib. Yeye alisema tatizo ni umeme. Alibadilisha oili ya jenereta, akasugua plagi kwa msasa, akanunua waya mpya na kuuvuta kutoka dukani hadi sebuleni kwa mama. Kompyuta ikawaka kama ilivyowaka mwanzo: feni ikavuma, ikapiga mlio mmoja mfupi, halafu skrini ikabaki nyeusi yenye maandishi meupe yasiyosogea. Gharib akasema basi ni waya ule ule mpya, wa siku hizi hawaweki shaba.

Twagirayezu akasema ni virusi. Alikuwa amesikia redioni kwamba kompyuta zinaugua virusi na kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Alitaka kujua nani aliigusa akiwa na mafua. Jumamosi akaja na spiriti na pamba, akaisugua kibodi herufi kwa herufi, kwa uangalifu ambao hata mgonjwa wa kweli angeufurahia. Ilikauka, ikang'aa, ikaendelea vile vile.

Mimi nami sikuwa na akili zaidi. Niliwaambia kwamba kitu chochote kinachozunguka ndani yake kinataka oili, nikaenda na kikopo changu cha oili ya cherehani. Mama Costansia alinishika mkono pale pale kwenye matundu ya feni. Angechelewa kidogo tu, mambo yangeishia hapo.

Sasa Jumanne hiyo, Sibomana akiwa amekaa nasi na barua yake, tukaanza tena. Gharib alikuwa ameachana na umeme. Alisema amelala akiliwaza jambo hili na ameona kwamba mashine ile imemzoea Polikarpi. Kwa miaka miwili ilipigwa na vidole vyake tu, tena viwili, na haitafunguka kwa vidole vingine. Alishauri atafutwe ndugu wa marehemu mwenye mikono inayofanana na yake. Mimi nikaongeza kwamba pengine ivalishwe miwani yake juu ya skrini. Nilisema kwa mzaha, lakini Gharib alilichukua akalifikiria.

Twagirayezu akatikisa kichwa. Alisema sisi tunahangaika na sanduku, wakati kilichokuwa ndani ya sanduku hakipo tena.

— Kimerudi kwao, alisema.

— Kipi kimerudi kwao? Gharib aliuliza.

— Yaliyomo. Ile ni mashine ya Ulaya. Mwenyewe aliyeileta ameondoka. Inakaa kwa watu mwaka mmoja, miwili, halafu inakumbuka nyumbani. Yaliyomo yamemfuata mwenyewe, hapa limebaki sanduku.

Gharib alicheka. Nami nilicheka. Sibomana akaweka kikombe chake chini.

— Mzee, alisema, hata mashine nayo lazima iulizwe kwao ni wapi?

Hakupandisha sauti. Ila kicheko chetu kilikatika pale pale. Twagirayezu mwenyewe babu yake alitoka huko huko ng'ambo, isipokuwa alikuja mapema, enzi za Wajerumani, na jina la mjukuu wake halikuwa kwenye barua ya mtu. Aliinamisha macho, akaanza kuikunja mikono ya shati ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba samahani mwanangu, mdomo umenitangulia. Sibomana akamjibu kwamba hakuna neno.

Kwenye ncha nyingine ya benchi alikaa kijana mmoja wa miaka kama thelathini ambaye hatukumjua. Alisafiri asubuhi na lori la wanunuzi wa maharage, yeye akiwa karani wao. Lori likavunjika springi njia ya Isingiro, wenzake wakabaki nalo, yeye akatangulia. Alikuwa akinywa kahawa na kusubiri. Jina lake, kama alivyotuambia baadaye, lilikuwa Elpidius. Alikuwa ametusikiliza muda wote bila kutuingilia. Sasa akasogea kidogo.

— Samahani wazee wangu, alisema. Hiyo skrini imeandika nini?

Nilimtazama Gharib. Gharib alimtazama Twagirayezu. Gharib akasema yameandikwa meupe. Twagirayezu akasema ni Kizungu. Mimi nikasema mistari ni mitano, au minne, mmoja una namba. Yule kijana akasubiri. Alidhani tunaanza kujibu, kumbe ndiyo tumemaliza.

Siku nne tulikuwa tumeitazama skrini ile kwa zamu, na hakuna mmoja wetu aliyeisoma. Si kwamba tulishindwa kabisa; Gharib alisoma maboksi ya bidhaa za Kiingereza kila siku. Ni kwamba tuliyachukulia maandishi yale kama vipele vya ugonjwa. Haikutujia kwamba mgonjwa mwenyewe anasema.

Mwaja ndiye aliyesimama kwanza. Alifunika jiko, akafuta mikono kwenye khanga, akamwambia kijana yule amfuate. Nasi tukanyanyuka nyuma yao. Gharib alikwenda kuwasha jenereta.

Mama Costansia tulimkuta uani akimenya ndizi. Elpidius alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na akaeleza mapema kwamba yeye si fundi. Aliwahi kufanya kazi Bukoba kwenye ofisi yenye kompyuta mbili za zamani kama hii, na fundi alipokuja yeye alikuwa anasimama nyuma yake kuangalia, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingi. Akaomba ruhusa ya kuigusa. Mama akamwambia aiguse, ila oili asitie. Nilijifanya sikusikia.

Aliiwasha. Feni ikavuma, mlio ukapiga, maandishi yakaja. Elpidius akainama akasoma mstari mmoja mmoja, kisha akatutafsiria. Mstari wa kwanza ulisema betri imekwisha nguvu. Wa pili ulisema saa na tarehe havikupangwa. Wa tatu ulisema diski haionekani. Wa mwisho ulisema bonyeza kitufe fulani ili upange upya. Hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa siku zote nne.

Twagirayezu akauliza betri gani, wakati mashine inakula umeme wa jenereta. Elpidius akaeleza kwamba ndani kuna betri ndogo kama sarafu. Mashine ikizimwa, betri hiyo ndiyo inayoiwekea saa, na ndiyo inayoikumbusha ina diski ya namna gani tumboni. Ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, betri inachoka na kumbukumbu hiyo inapotea. Diski yaweza kuwa nzima kabisa na kila kitu kikiwa juu yake, lakini mashine haijui tena namna ya kuisoma. Akabonyeza kitufe, ukurasa wa buluu ukatokea, akatuonyesha tarehe ambayo mashine iliamini ni ya leo: tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa themanini.

Mama Costansia alikuwa amesimama nyuma yake, kisu cha ndizi bado mkononi.

— Basi haijui kwamba amefariki, alisema.

Elpidius akamuuliza kwa upole mashine ilizimwa lini. Mama akasema tangu mwezi wa sita mwaka jana, Polikarpi alipolazwa, haikuwashwa mpaka Ijumaa. Ni miezi kumi na moja. Elpidius akasema inatosha.

Ilibidi kuiambia mashine upya ni diski gani iliyonayo, na kwa hilo zilitakiwa namba tatu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha diski yenyewe, ndani. Tukazima. Nikaenda mbio barazani kuleta bisibisi ndogo ninayofungulia cherehani. Elpidius alifungua sanduku, Twagirayezu akamshikia tochi. Ndani mlikuwa na vumbi la mwaka mzima, na juu ya diski nyigu alikuwa amejenga kiota chake cha udongo. Twagirayezu alitaka kusema kitu kuhusu yule nyigu, nikaona anakimeza. Elpidius alikwangua udongo ule taratibu kwa ukucha. Ulipotoka, ulitoka na wino. Namba ya kwanza ilisomeka, ya tatu ilisomeka. Ya kati, ile ya vichwa vinavyoisoma diski, ilikuwa na moja mwanzoni, na baada ya moja hiyo palikuwa peupe.

— Kumi na ngapi? Gharib aliuliza kutoka mlangoni.

— Kumi na kitu, Elpidius alisema. Haizidi kumi na sita. Tutajaribu zote. Hatuandiki chochote juu yake, tunaomba itufungulie tu, kwa hiyo tukikosea haitaumia.

Alianza na kumi na sita. Akaingiza, mashine ikajizima na kujiwasha, tukasubiri. Ikaandika kwamba haioni mfumo wa kuanzia. Akaingiza kumi na tano. Ikaandika vile vile. Kumi na nne. Hapo jenereta ikaanza kukohoa, na Gharib akakimbia kuiongezea petroli aliyokuwa ameiweka kando kwa ajili ya pikipiki yake, maana kesho yake alikuwa na safari ya Kayanga. Hiyo safari hakuiulizia tena. Kumi na tatu ikakataa nayo.

Mimi wakati huo nilimtafuta Sibomana kwa macho. Hakuwa ameingia ndani. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mgongo kwenye mwimo, akiangalia uani kwenye ndizi ambazo hazijamenywa. Nadhani alikuwa ameshaanza kuzoea kukosa. Mtu anayetarajia husogea karibu.

Elpidius aliingiza kumi na mbili.

Safari hii kulikuja sauti ambayo hatukuwa tumeisikia, ya kukwaruza ndani kwa ndani, kama panya kwenye magunzi. Taa ndogo nyekundu upande wa mbele ikamemeta, ikatulia, ikamemeta tena. Maandishi yakashuka kwenye skrini haraka haraka, yakakoma, na chini yake ikabaki herufi moja na kidoa kinachopepesa. Elpidius akaegemea kiti, akapumua. Akasema ipo.

Aliandika neno, ikatoka orodha. Polikarpi alikuwa ameyapanga mafaili kwa miaka: hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini, mpaka mwisho. Mama Costansia aliweka kisu chini, akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na skrini. Alikuwa hajawahi kuyasoma. Alisema Polikarpi alimwambia atamwonyesha siku akimaliza kusahihisha.

Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa sitini na moja, kwa hiyo Elpidius alifungua mwaka huo kwanza. Mama akasoma kwa sauti, jina kwa jina, mpaka Desemba. Laurensia hakuwemo. Akafungua sitini na mbili. Januari, Februari, Machi. Mwaja alikuwa amekwenda mlangoni, amesimama kando ya Sibomana. Kisha Mama Costansia akanyamaza katikati ya mstari, akainua kichwa.

— Sibomana, njoo usome mwenyewe.

Aliingia. Tukampisha. Akainama, mikono kwenye magoti, akasoma kimya kwanza, midomo ikicheza. Halafu akasoma tena kwa sauti, nasi tukasikia.

— Tarehe tisa Aprili. Bugomora, kwenye kibanja cha Rwegoshora. Mtoto wa kiume, mzima. Mama, Laurensia, amevuka mto, leo siku ya tatu. Mvua. Mama amecheka.

Siku tatu. Laurensia alitembea siku tatu upande huu wa mto na mimba ya kujifungua, ndipo akakaa chini kwenye migomba ya mtu asiyemjua. Sibomana alinyoosha kidole akagusa kioo, si pale penye tarehe, bali kwenye maneno mawili ya mwisho.

— Hapa, mama, alisema. Kwa nini alicheka?

Mama Costansia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwomba Elpidius ashushe ukurasa kidogo, kisha apandishe. Watoto wengine wote waliandikwa mwishoni Mama salama, au Mama ametoka damu, au Mama amelala. Hapakuwa na mwingine aliyecheka. Alisema maandishi hayo yamemkumbusha mvua ile, na majani ya mgomba waliyokuwa wamemkinga nayo, na Rwegoshora akishika jani moja kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni kwa heshima. Uso wa Laurensia sasa anaukumbuka pia, ulikuwa wa mviringo.

— Lakini alichochekea sikikumbuki, mwanangu. Nimezalisha wengi. Niliandika kwa sababu nilishangaa.

Sibomana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa hajawahi kuona picha ya mama yake, kwa sababu haikuwahi kuwepo. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na Mwaja akakaa karibu naye.

Huku ndani tukakumbuka kwamba hakuna mashine ya kuchapa. Ushahidi ulikuwa kwenye kioo, na kioo hakibebeki mpaka Kayanga. Tukakubaliana Mama Costansia anakili kwa mkono wake, kwa kuwa mkono wake ndio ulioandika mara ya kwanza, na sisi tusaini kwamba tumeona. Gharib alileta karatasi safi yenye mistari. Mama aliandika polepole, kwa mwandiko wa watu waliofundishwa na masista. Alipofika kwenye Mvua akasita na kuinua kalamu, akamwita Sibomana, akamwambia kwamba yale ya mwisho ofisi haina haja nayo, labda wayaache.

— Yaandike, mama, Sibomana alisema.

Akayaandika. Gharib akasaini na kugonga muhuri wa duka, mimi nikasaini, Mwaja akasaini. Twagirayezu alisaini wa mwisho, na chini ya jina lake akaongeza jina la baba yake na la babu yake, hakuna aliyemwomba.

Honi ya lori ikalia barabarani. Kabla ya kuondoka, Elpidius aliandika zile namba tatu kwa kalamu nene ubavuni mwa sanduku, akamweleza Mama Costansia kwamba mpaka ipatikane betri mpya, kila akiizima itasahau, na kila akiiwasha itabidi aikumbushe. Akamfanyisha mazoezi mara mbili, mama mwenyewe akibonyeza. Sibomana alimsindikiza mpaka kwenye lori. Sijui walizungumza nini. Elpidius hatukumwona tena Nkwenda, ingawa kila msimu wa maharage tulikuwa tunachungulia magari.

Ijumaa Sibomana alipanda pikapu ya alfajiri. Siku nzima benchi letu lilikuwa na watu na halikuwa na mazungumzo. Gharib aliuza vitu kwa kukosea, mimi nilishona mfuko wa suruali nje ndani. Jumamosi kabla ya adhuhuri tuliiona baiskeli ikishuka kona, mwendo wa kawaida.

Alikaa, akanywa kahawa, kisha akatusimulia. Ofisa alikuwa mtu mkimya, wala hakuwa mkali. Aliisoma karatasi yote, akauliza Mama Costansia ni nani, yuko hai, na hiyo mashine iko wapi. Akasema itabidi atume mtu kuiona. Na kweli alimtuma, wiki mbili baadaye. Mama aliiwasha mbele yake, akaingiza namba zake tatu bila msaada, akamfungulia mwaka sitini na mbili, na yule mtu akanukuu na kwenda zake. Jina la Sibomana likatolewa kwenye orodha ya wageni. Watu wa Isingiro, wa Bugomora na wa pale pale Nkwenda wakaanza kuja kwa mama na tarehe zao za kukisia, na Gharib akazoea kuwasha jenereta mapema.

Lakini hayo yalikuwa bado. Jumamosi ile Sibomana alitusimulia jinsi ofisa alivyofika mwisho wa karatasi akiwa ameshika kalamu, akaielekeza kwenye mstari ule wa chini, tayari kuukata.

— Akaniuliza, Mama amecheka, hii ni ya nini? Nikamwambia sijui, bwana mkubwa. Hata aliyeandika hajui. Ila usiikate.

— Naye? Twagirayezu aliuliza.

Sibomana akaifunua karatasi, akaiweka juu ya benchi katikati yetu. Muhuri wa ofisi ulikuwa umegongwa pembeni, umesogezwa hadi ukingoni kabisa mwa karatasi, ili usiyaguse yale maneno mawili.